Klachi ya Ngozi

Kabla sijaenda Saudia nilikuwa nauza vipuri vya magari Kirinyaga Road, Nairobi, na nilikuwa na sifa moja ambayo mtaa mzima uliiona nzuri: nilijua mteja anataka nini kabla hajamaliza kusema. Fundi anaingia mikono imejaa grisi, anaanza, "Nipe ile kitu ya kushikilia ile ingine..." nami nishageuka, nishaitoa kwenye rafu, nishaiweka mbele yake. Mara nyingi nilipata. Nilipokosa, nilimlaumu fundi kwa kutojua kuongea. Tajiri wa duka aliwaambia watu kwamba nina mashine kichwani, na mimi nikaamini.

Duka lilipofungwa nilikuwa na miaka thelathini na moja, na mtoto mmoja ambaye nilimwachia mamangu kule Murang'a. Ilikuwa ile miaka ambayo ndege za Jeddah na Riyadh zilijaa wasichana wa Kenya, kila mmoja amekumbatia bahasha yake ya kahawia. Ejenti aliniandika kuwa mfanyakazi wa nyumbani mwenye uzoefu wa kutunza wazee. Wazee pekee niliokuwa nimewatunza ni injini zilizokula pistoni, lakini hakuna aliyeniuliza.

Nilipelekwa kwenye nyumba ya ghorofa moja kusini mwa Jeddah, karibu na Al-Mahjar. Kafili wangu, bosi aliyenidhamini kuingia nchini, alikuwa mwanamume wa makamo, mfanyakazi wa ofisi, mpole, mwenye uso wa mtu ambaye hajalala vizuri kwa mwaka mzima. Kulikuwa na mke wake, madam. Na kulikuwa na baba yake, mzee aliyepigwa na kiharusi, upande wa kulia umekufa, mdomo umepinda. Huyo ndiye niliyeletewa.

Madam alinipeleka chumbani kwa mzee akanionyesha dawa, nepi za watu wazima, na chupa ndogo ya mafuta meusi ya kumchua mkono kila asubuhi. Yale mafuta aliyaita zeit habbat al-baraka, mafuta ya mbegu ya baraka. Watu wa pwani huita habasoda. Akaniambia mzee hasemi. Hutoa sauti tu, kalam fadhi, maneno matupu. Daktari ndivyo alivyowaeleza.

Siku ya tatu nilikuwa nakunja shuka zake. Nikasikia sauti nzito, kama ya mtu aliyejaza muhogo wa moto mdomoni, ikisema, "Fungua dirisha, mwanangu. Nnakufa na joto."

Nikafungua dirisha. Nikarudi kwenye shuka. Nilikuwa nimeshakunja pembe mbili ndipo mikono iliponiganda.

Nilimuuliza, "Babu, wewe ni wa wapi?"

Mzee akalia. Alilia kwa jicho moja, lile la upande uliobaki hai, na mimi nikakaa ukingoni mwa kitanda nikalia pia, maana kwa siku tatu sikuwa nimesikia Kiswahili isipokuwa ndani ya kichwa changu. Aliniambia, kidogo leo na kidogo kesho, kwamba alizaliwa Unguja, akaondoka akiwa kijana baada ya mapinduzi, akafika Jeddah akiwa na sanduku la spana. Akaoa mwanamke wa hapa, asiyejua neno la Kiswahili. Watoto wakalelewa kwa Kiarabu tangu wananyonya, ili wasichekwe shuleni. Ndugu zake aliokuwa akiongea nao kwenye simu siku za Idi wakaisha mmoja mmoja. Kiharusi kilipokuja kilichukua Kiarabu chote kikamwachia Kiswahili, kama mwizi aliyebeba vyombo vipya akadharau vya zamani.

Bila shaka nilikimbia kumwambia bosi. Nilimweleza kwa Kiarabu changu cha kuokoteza na Kiingereza chake cha ofisini kwamba baba yake anaongea, na anaongea vizuri kuliko mimi. Hakufurahi kama nilivyotarajia. Alisema daktari alimwonya kuwa mgonjwa wa namna hii anaweza kubaki na maneno bila maana, kama kasuku. Akanifuata chumbani, akaniambia nimuulize mzee leo ni siku gani.

Nikauliza. Mzee akamtazama mwanawe, akasema, "Mwambie leo ni siku ya kuulizana upuuzi."

Nikamwambia bosi, "Amesema Jumanne." Kweli ilikuwa Jumanne. Nilijiona mwerevu sana, ingawa bosi alisema jibu moja halitoshi kumpinga daktari.

Baadaye nilielewa kwa nini swali la akili lilikuwa zito katika nyumba ile. Bosi alihamishiwa Riyadh. Ili auze nyumba na kumhamisha baba yake alihitaji hati ya mahakama inayosema kwamba mzee hana akili timamu na mwanawe ndiye msemaji wake. Karatasi zilikuwa tayari, zimewekwa juu ya jokofu chini ya kibakuli cha tende. Sikumchukia kwa hilo. Alikuwa mtoto aliyechoka, na nani angemlaumu kwa kumwamini daktari? Ila mzee alisikia yote. Kiarabu kilikuwa kimemtoka ulimini tu, masikioni kilibaki.

Aliniambia, "Waniandika mwendawazimu. Mwambie nna akili zangu. Mwambie hiyo gari hapo nje n'taitia moto, na itakwenda."

Gari lilikuwa uani chini ya turubai. Nilipolifunua mara ya kwanza sikujua nianze kutazama wapi. Lilikuwa gari la kifahari la enzi zile magari yanaanza, refu, na taa za shaba kubwa kama sufuria, magurudumu ya miti, na mkono wa gia nje ya mlango. Baba wa mfanyabiashara mmoja mkubwa wa Jeddah alililetesha kwa meli, likawatia watu wivu kwa msimu mmoja, kisha likakataa kwenda. Mzee alipoajiriwa kwenye karakana ya ukoo ule alilikuta kuku wanatagia ndani. Alilifanyia kazi miaka sita baada ya saa za kazi, na tajiri alipofariki warithi wakamwambia alichukue.

Alipolisimulia, kinywa chake kilinyooka. Alisema walioliunda wenyewe walikuwa wakibahatisha. Hapakuwa na kitabu wala kipuri dukani, kila ugonjwa ilibidi mtu akae nao mpaka aujue. Petroli ilichemka ndani ya bomba kwa joto la Jeddah, gari likizima kila baada ya mwendo mfupi. Akalihamisha bomba mbali na ekzosi, akalifunga kwa gunia bichi. Alipolipeleka Riyadh kwenye arusi moja, hewa kavu ilizinyonya unyevu spoki za miti zikaanza kulia na kucheza. Akawa anasimama kila wakati wa sala, anatawadha, kisha magurudumu nayo anayamwagia maji. Watu waliokuwa naye walicheka, akawaambia nayo yasafiri na udhu.

Nilipeleka ujumbe kwa bosi. Alivuta kiti akakaa jikoni, jambo ambalo hakuwahi kufanya mbele yangu. Akasema hakuna mtu aliyewahi kuligusa gari lile ila baba yake, wala hakuna maandishi yoyote. Kama mzee anaweza kumwelekeza mtu mwingine mpaka gari litembee, basi daktari amekosea, na yeye bosi atazirarua zile karatasi. Alinipa mpaka Ijumaa ya tatu, kwa sababu wiki iliyofuata alikuwa na siku yake mahakamani.

Kwa hiyo mnajua nilichobeba. Mzee wa watu alikuwa anasubiri kuhesabiwa kuwa mtu, na njia yake ilipitia masikioni mwangu.

Kila siku baada ya alasiri tulimshusha ngazi, nikamsukuma kwa kiti chake cha magurudumu mpaka kivulini. Dereva wa nyumba, Mbangali mnyamavu aliyefurahi kupata kazi isiyohusu foleni, ndiye alikuwa mikono ya nguvu. Mimi nilikuwa mikono midogo. Mzee alikuwa kichwa. Tulimwaga petroli iliyooza. Tulisugua plagi na pointi za magneto, kile kifaa cha kuzalisha cheche, kwa msasa laini. Akiona nimekosea aligonga kiti kwa mkono wa kushoto, na nikipatia alisema "Ahaa," akifumba macho.

Kabureta ndiyo iliyotusumbua. Ndani yake kuna boya la kizibo cha mti, jepesi, linaloelea juu ya petroli na kufunga njia ikijaa. Boya letu lilikuwa limelewa petroli miaka mingi likazama. Mzee akasema likaushwe juani, kisha lipakwe vanishi. Vanishi sikuwa nayo. Nikaenda kwenye meza ya vipodozi ya madam nikachukua rangi ya kucha, nyekundu, nikalipaka mara tatu. Nilipomwonyesha mzee alitazama lile boya linalong'aa kama bibi arusi, akacheka mpaka mate yakamtoka, akaniambia, "Weye fundi. Hata mie nisingewaza hiyo."

Lilielea. Nasema hili kwa sababu sifa ile ilinivimbisha kichwa. Nilianza tena kuwa yule wa Kirinyaga Road. Mzee akisema neno moja, mimi nishasimama, nishakwenda. Mara kadhaa aliinua mkono kunizuia amalize, na mimi nikamwambia, "Usijichoshe, babu, nishaelewa." Nilidhani huo ni wema.

Jumatano ya wiki ya mwisho dereva alizungusha hendeli ya kuwashia mara nne, na mara ya tano injini ikawaka. Haikuwaka kama magari ya leo. Ilikohoa, ikafikiri, kisha ikakaa kwenye mdundo wake wa polepole, na taa za shaba zikaanza kutetemeka. Mzee aliinua mkono wake mzima juu na kuuacha huko. Nilipogeuka nikamwona bosi amesimama dirishani ghorofani, kiganja kimeshika mdomo. Nilikuwa na hakika tumeshinda.

Ilibaki klachi. Klachi niliyoijua mimi ni sahani, nimeuza mamia. Hii ilikuwa koni ya chuma iliyovishwa ngozi, inaingia ndani ya gurudumu la injini kama kikombe ndani ya kikombe kingine. Ngozi ikishika, gari linakwenda. Tulipofungua mbao za sakafuni tukaiona imekauka na kukakamaa kama kiatu kilichosahauliwa juu ya bati. Mzee hakushtuka. Alisema hiyo dawa yake anaijua, atanipa kesho.

Alhamisi asubuhi aliamka vibaya. Mdomo ulikuwa mzito kuliko kawaida na macho yanajifunga. Nilikuwa nimemaliza kumchua mkono, chupa bado ninayo kiganjani. Akaanza kusema polepole. Ngozi ibanwe wazi, pedali ikandamizwe kwa kipande cha ubao. Ipakwe mafuta kwa unyoya, kidogo kidogo, iachwe inywe siku nzima, kisha ifutwe. Nikamuuliza mafuta gani.

"Ya... barika," akasema, au ndivyo nilivyosikia, herufi ya kwanza imemezwa na ule mdomo. Akavuta pumzi kusema zaidi.

"Ya baraka," nikamkatisha. "Nishaelewa, babu. Lala." Nikaitazama chupa mkononi mwangu, nikaona hata Mungu yuko upande wetu, maana dawa imeletwa mpaka kitandani. Sikuuliza mara ya pili. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na mimi niliyekuwa na baraka nzima ndani ya chupa nikashuka nayo ngazi mbio.

Nilimaliza chupa yote. Ngozi ilikunywa ikalainika, ikanukia kama maandazi. Mzee alilala mchana kutwa. Mimi niliimba jikoni.

Ijumaa baada ya sala bosi alikuja uani bado amevaa thobe nyeupe ya msikitini. Madam akasimama mlangoni. Nilimweka mzee mahali pazuri, nimemvalisha kofia yake. Dereva akazungusha, injini ikawaka mara ya pili tu, dereva akapanda, akatia gia, akaiachia pedali taratibu kama mzee alivyomfundisha kwa ishara.

Injini ikapanda sauti. Gari halikusogea. Dereva akaongeza mafuta, injini ikalia, gari likabaki palepale kama limeshindiliwa ardhini. Kisha moshi ukatoka kwenye mbao za sakafuni, moshi mweusi wenye harufu ya chakula kilichoungua, na madam akavuta mtandio wake puani. Dereva akazima.

Katika ule ukimya mzee alisema. Sijui nguvu aliipata wapi, lakini safari hii kila herufi ilisikika. "Si hiyo. Mbarika. Nimekwambia mbarika, mwanangu."

Mbarika. Nyanya yangu alikuwa na ukanda wa ngozi wa kubebea kuni, ule unaopita kipajini, na kila baada ya mvua aliupaka mafuta aliyoyakamua mwenyewe kutoka kwenye mbegu zenye madoadoa. Kwa Kikuyu tunayaita mafuta ya mbariki. Nilikuwa nikimshikia ule ukanda nikiwa mtoto. Ndiyo yale ambayo wengine huyaita ya nyonyo, na yanauzwa kila mahali kwa ajili ya nywele. Neno la mzee lilikuwa karibu kabisa na neno la nyanyangu mzaa baba, na mimi nilikuwa nimelikatisha katikati.

Bosi akanigeukia. Aliniuliza kwa sauti ya mtu ambaye bado anataka kusikia jambo jema: "Amesema nini?"

Nimejiuliza miaka mingi kwa nini sikujibu ukweli. Ungechukua sentensi moja: kosa ni langu, mpe siku mbili. Lakini nilimwona madam akitazama ile chupa tupu niliyoiacha kwenye ngazi. Nilikuwa nimeiba rangi yake ya kucha na sasa nimeyachoma mafuta ya mgonjwa. Nilifikiria kurudishwa Nairobi na sanduku tupu, au kutoroka nikaishie mtaa wa Karantina pamoja na wenzangu waliotoroka, bila ikama, kile kibali cha kuishi, nikijificha kila gari likipita. Na juu ya hofu, afadhali niseme, kulikuwa na aibu. Sikutaka mtu ajue kwamba mashine ya kichwani imekosa.

Nikasema, "Anasema amechoka."

Bosi akatikisa kichwa taratibu. Akamwendea baba yake, akainama, akambusu kipajini, akasema halas, yaba, halas, imetosha, baba. Mzee alikuwa ananitazama mimi. Kiarabu alikisikia, nimeshawaambia. Alijua nilichosema.

Hakunisemesha tena. Si kwa hasira, maana hasira ningeivumilia. Nilimlisha, nikamwosha, nikamgeuza, naye alinitazama kwa upole kama unavyomtazama mtu mliyepanda naye basi moja. Nilimwomba radhi mara nyingi nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda. Nilimwambia nitanunua mbarika, nitamweleza bosi yote. Wiki iliyofuata bosi alikwenda mahakamani, na zile karatasi zikarudi na mihuri. Kila siku nilisema kesho nitaongea. Nikaona maji yameshamwagika, nikafunga mdomo.

Aliendelea kusema na mwanawe tu. Kila Ijumaa baada ya sala bosi alikaa naye nusu saa, amemshika mkono, na mzee akamwambia maneno yake machache, nami nikiwa pembeni nakunja nguo. Bosi hakuniuliza tena tafsiri, na mimi sikujitolea. Hivyo miezi minne. Mzee alifariki msimu wa baridi kidogo, alfajiri, kabla nyumba haijapata mnunuzi. Walimzika siku hiyo hiyo. Mimi nilibaki nyumbani nikikunja shuka zake mara ya mwisho.

Tulihamia Riyadh. Gari lilikuja kwa lori. Bosi hakuwa na sababu ya kulichukua, nyumba mpya ilikuwa na ua mdogo na alishaambiwa na watu wawili kwamba wako tayari kulinunua, lakini alilileta. Hewa ya Riyadh ilianza kazi yake ileile. Baada ya mwezi nilisikia spoki zikilia zenyewe mchana jua linapowaka, nikawa natoka na ndoo nikiyamwagia maji magurudumu. Hakuna aliyenituma. Madam alinitazama kama anayemtazama mtu aliyeingiwa na jini, akaniacha niendelee.

Siku moja alinipeleka kwa muuza dawa za asili kununua dawa ya nywele zake, nikanunua na chupa yangu. Zeit kharwa', nilimwambia muuzaji, mafuta ya mbarika. Nilikuwa nimejifunza jina hilo kwa Kiarabu siku ileile ya moshi, kwa kumuuliza dereva, nikaliweka kichwani zaidi ya mwaka. Nilibana pedali kwa ubao. Niliosha ngozi kwa petroli mpaka ule weusi ukatoka, nikaikwangua kwa msasa pale ilipoungua, nikapaka kwa unyoya, kidogo kidogo. Niliiacha inywe siku nzima. Kisha nikaifuta. Nilifanya kila jambo kwa mpango ule ule aliousema, na kila nilipotaka kufupisha nilijiambia amalize.

Saa kumi jioni, bosi akiwa kazini, dereva alizungusha injini ikawaka. Akapanda, maana wakati ule mwanamke alikuwa haruhusiwi hata kuugusa usukani. Akaiachia pedali. Gari likatikisika mara moja, kama mtu anayeamshwa, likaondoka. Lilitembea kwa utulivu kutoka ukutani mpaka getini, hatua kama kumi na tano, na dereva akafunga breki.

Geti lilikuwa wazi. Bosi alikuwa amerudi mapema, amesimama barabarani na mkoba wake, gari la baba yake limemwelekea.

Nilimweleza palepale, kwa Kiarabu ambacho sasa kilikuwa kimenyooka, bila kujiokoa hata kwa neno. Nilimwambia kuhusu mbarika na baraka. Nilimwambia kuhusu Jumanne. Nilimwambia kwamba siku ile mzee hakusema amechoka, alisema mafuta siyo, na kama ningetamka hivyo gari lingetembea Jumapili. Akili zake zilikuwa kamili tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na mimi nilijua.

Nilingoja anifukuze. Aliweka mkoba chini. Akatoka pale getini akaja akashika taa ya shaba, akaiachia kwa sababu ilikuwa moto. Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata siku moja katika kujilaumu kwangu kote.

"Zile Ijumaa," akasema. "Baada ya hapo. Alikuwa ananiambia nini?"

"Alikuwa anakuuliza," nikasema. "Swali moja tu, kila Ijumaa. 'Ushakula?' Alitaka kujua kama umekula."

Bosi alikaa kwenye ubao wa kupandia garini. Dereva akashuka upande wa pili akaingia ndani.

"Na mimi," akauliza, "nilikuwa namjibu nini?"

Alikuwa anakumbuka, nilimwona usoni. Lakini aliniuliza, na safari hii nilitafsiri kama ilivyokuwa.

"Ulimwambia inshallah, yaba. Inshallah."